JONGO SI UGONJWA WA MATAJIRI PEKE YAO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo hatusemi juu ya mishahara. Twataka kusema nanyi juu ya jongo, maana wako wenzetu wanaoitwa wavivu au walevi, kumbe ni wagonjwa.

Jongo hupenda kuja usiku. Mtu amelala mzima, na kabla ya alfajiri kidole gumba cha mguu kimevimba, kinang'aa, kina moto, hata shuka ikikigusa hawezi kuvumilia. Wengine hushikwa kifundo cha mguu au goti. Maumivu huzidi sana siku ya kwanza, kisha baada ya wiki moja au mbili hupotea kabisa. Hapo ndipo msimamizi husema, "Huyu alikuwa akijifanya." Lakini ugonjwa haukuondoka. Usipotibiwa huweza kurudi mara kwa mara, na miaka ikipita hufanya vinundu vigumu chini ya ngozi na kuharibu viungo.

Si uchawi, wala hauambukizi. Katika damu ya kila mtu mna asidi ya yuriki, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Figo zikishindwa, asidi huzidi, hugeuka chembe kama sindano, nazo hukaa ndani ya kiungo. Wengine wamerithi hali hiyo kwa wazazi. Pombe huongeza, hasa bia. Kadhalika maini, dagaa na soda za sukari. Dawa nyingine za presha pia, zile za kukojoza, lakini usiziache kabla ya kumwuliza daktari. Na afanyaye kazi juani kutwa bila maji ya kunywa, huyo naye yumo hatarini.

Sasa sikilizeni neno linalotuhusu sisi. Tangu zamani husemwa jongo ni ugonjwa wa wafalme. Lakini daktari Alfred Garrod wa London, aliyeonyesha mwaka 1848 kwamba damu ya wenye jongo ina asidi hiyo kupita kiasi, aliandika mwaka 1859 kwamba angalau mmoja katika kila wanne wa wagonjwa wake wa jongo hospitalini aliwahi kudhuriwa na risasi, na wengi wa hao walikuwa mafundi wa rangi na wa mabomba. Hawakuponzwa na karamu. Waliponzwa na madini ya risasi, ambayo huharibu figo. Leo hatari hiyo i kwa wanaoyeyusha betri kuukuu za magari na wanaokwangua rangi za zamani. Mwenzetu wa kazi hizo akishikwa na jongo, amweleze daktari kazi yake, na aombe damu ipimwe risasi. Asikubali kuulizwa habari za bia tu.

Kidole kikivimba, inua mguu, weka barafu iliyofungwa kitambaani, uende hospitali upesi, zaidi ukiwa na homa, maana kiungo chenye usaha hufanana na jongo na hakingoji. Daktari akikupa dawa ya kuteremsha asidi, imeze kila siku hata maumivu yakiisha.

Na cheti cha daktari usikitupe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Bila cheti huna la kudai. Mpelekee mwajiri habari mapema, na nakala mletee katibu wa tawi.