Bowa haitoki bure: sumu ya mashamba na udongo wa pori yetu



Leo hatutazungumza juu ya umeme wala barabara. Tutazungumza juu ya bowa. Tunaona wengine wanacheka, lakini nani hapa hajakula bowa ya wale mama wa ku barabara ya Likasi ao ya Kasumbalesa, mvua ikishaanza? Hakuna mutu mwenye kuipanda. Inatoka mu udongo wa pori ya miombo, na kwa mama mwenye kuiuza njo minervali ya watoto. Sasa ule udongo tunaanza kuumwangia sumu.

Bowa unayoona ni tunda tu. Mwili wake uko chini: nyuzi nyembamba kupita unywele, zenye kutembea mbali mu udongo. Bowa nyingi tunazopenda, sawa ile ya manjano yenye umbo la tarumbeta, nyuzi zake zinafunika ncha za mizizi ya miombo. Udongo wetu ni wa zamani na masikini, muti peke yake haupati fosfori ya kutosha. Zile nyuzi zinaitafuta mbali, zinaileta pamoja na maji, na muti unazilipa kwa sukari yenye kutengenezwa na majani. Ni mapatano. Wakati misonobari ililetwa Afrika kutoka inchi za mbali, mara nyingi miche ilidumaa mpaka watu walipoleta udongo wenye kuvu zake. Muti ulikuwa, jua lilikuwa, mvua ilikuwa. Mwenzake wa chini njo alikosekana.

Sasa pori inakatwa kwa makala, kisha makala linafuata shamba, na shamba linafuata dawa. Dawa nyingi za kutibu majani ya nyanya zimetengenezwa kuua kuvu. Zikidondoka chini, haziulizi kama kuvu hii ni adui ya nyanya ao ni rafiki ya muti. Wanasayansi wenyewe, wakitaka kuona mumea unaishi namna gani bila kuvu za mizizi, walikuwa wanamwanga benomili, dawa ya mashamba. Ni kweli, si kila dawa inaua kila kuvu, na kipimo kinahesabika. Lakini kipimo gani, kama mutu anapima na kifuniko cha chupa?

Kuna dawa zingine zenye shaba ndani. Hapo siye watu wa Lubumbashi hatuna lazima ya kufundishwa. Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba hapa mu 1911, na upande wenye upepo ulipeleka moshi, pori ilikufa na udongo ukabaki wazi. Shaba haiozi. Dawa ya shaba inaleta kidogo sana kupita moshi wa kiwanda, ndiyo, lakini ukiimwanga mwaka kwa mwaka mahali pamoja, inajikusanya.

Dawa ya kuua majani njo inatutia wasiwasi zaidi. Miombo inarudi hasa kwa visiki: unakata, kisiki kinachipuka, na kuvu za mizizi zinapata chakula tena. Zamani mukulima aliacha shamba likichoka, na pori ikarudi polepole. Ukiunguza yale machipukizi kwa dawa kila mwaka, kisiki kinakufa. Hata kama ile dawa haikugusa kuvu, umeizimia jiko. Halafu tunakuja na miche, na bendera, na wapiga picha, tunapanda miti mu udongo wenye hauna tena wa kuipokea.

Na ile bowa kubwa ya ku kichuguu? Ile inalimwa na muchwa ndani ya nyumba yao. Yenyewe inaishi kwa kazi yao. Ukimwaga sumu ya muchwa, umefunga na jikoni.

Hatukuja kumushitaki mukulima. Bei ya mahindi tunaijua, na muchwa na viwavi anapigana navyo peke yake. Lakini ku soko tumeona dawa inauzwa mu chupa ya maji, bila jina, bila tarehe. Mankozebi, Ulaya ilikataa kuirudishia ruhusa mu 2020. Mukulima wa hapa atajuaje, kama chupa haina hata jina? Katiba yetu, mu kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira yenye afya, na serikali iyachunge. Basi tunaomba serikali ya jimbo: dawa zichunguzwe ku mupaka wa Kasumbalesa, kila chupa iandikwe jina na kipimo kwa Kiswahili, agronomu afike shambani mbele ya muuzaji wa dawa, na visiki vya ku mupaka wa shamba na pori viachwe bila dawa.

Siku ya posho, saa mbili asubuyi, tunaenda ku soko na makaratasi, kuandika kila dawa yenye kuuzwa na kile kimeandikwa juu yake. Hatutagombana na muuzaji hata mumoja. Orodha tutaipeleka ku biro ya kilimo, na nakala tutaitundika hapa. Mwenye kuja, alete kalamu, na asishike zile chupa bila ganti.