Mtupo wa Kuchekwa
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimepewa dakika tano nizungumzie michezo. Wengi mnajua kuwa nilicheza mpira wa kikapu katika kiwanja kile nyuma ya bweni. Wachache mnakumbuka pia jinsi nilivyoipoteza fainali yetu. Sababu yake nitaieleza leo, ila kwanza niwapelekeni Marekani.

Tarehe 2 Machi, 1962, katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake. Mchezo uliisha kwa 169 dhidi ya 147. Katika ligi ya kulipwa ya NBA, rekodi hiyo haijavunjwa.

Sasa ichambueni ile 100. Pointi 28 zilitokana na mitupo huru, ile apewayo mchezaji aliyechezewa rafu, akasimama mstarini bila mtu wa kumzuia. Alitupa 32, akapata 28. Ajabu ni kwamba Chamberlain, pande la mtu la futi 7 na inchi 1, alikuwa dhaifu sana katika mitupo hiyo. Lakini msimu ule alitupa kwa mtindo wa zamani: mpira umeshikwa kwa mikono miwili, unashushwa kati ya magoti, kisha unapandishwa taratibu. Mpira wa namna hiyo hutua laini, na hata ukigusa chuma huweza kudondokea ndani. Msimu huo alipata mitupo 61 katika kila 100. Baadaye akauacha mtindo huo, na msimu wa 1967–68 akashuka hadi 38.

Kwa nini aliitupa dawa iliyomfaa? Aliona haya. Katika kitabu cha maisha yake alikiri kuwa alijiona kama mtu asiye mwanamume kamili, na kwamba alijua anakosea.

Mtazameni na Rick Barry. Naye ujanani aliogopa kuchekwa, lakini baba yake alimshikilia mpaka akakubali. Akiwa Chuo Kikuu cha Miami, aliongoza vyuo vikuu vya Marekani kwa ufungaji msimu wa 1964–65, wastani wa pointi 37.4 kwa mchezo. Akaongoza NBA msimu wa 1966–67, kisha ligi ya ABA msimu wa 1968–69. Hakuna mwingine aliyewahi kuongoza kote kutatu. Katika NBA alipata karibu mitupo huru 90 katika kila 100, na aliitupa kwa mtindo ule ule wa kuchekwa.

Narudi kwangu. Mwalimu wetu wa michezo alinifundisha mtupo huo. Mazoezini nilipata saba katika kila kumi. Wenzangu wakanitania kuwa nateka maji kisimani. Siku ya fainali, tukiwa nyuma kwa pointi moja na muda umekwisha, nilipewa mitupo miwili. Pembeni nikamwona mwalimu akiinamisha mikono yake yote miwili kunikumbusha. Nikautazama umati, nikatupa kwa mkono mmoja. Wa kwanza ukagonga chuma. Wa pili vile vile. Mwalimu hakunilaumu, aliuokota mpira akaenda zake. Ukimya ule uliniuma kuliko fimbo.

Vijana, wahenga walisema mficha uchi hazai. Usipoelewa hesabu, nyosha mkono, wacha wacheke. Mwalimu akikuonyesha njia inayokufaa, usiiache kwa sababu ya kicheko cha dakika moja. Mimi niliiacha, na dakika ile imenifuata maisha yangu yote.

Nimewaletea mipira miwili mipya. Baada ya chai nitakwenda kusimama kwenye mstari ule ule, nitupe kwa mikono miwili. Wanaotaka kucheka nawakaribisha.