Homa Ifuatayo Safari

Twapenda leo kusema nanyi habari ya mtu wa nchi ya baridi, kama Njombe, ashukaye pwani. Milimani mbu wa malaria ni wachache, kwa hiyo mwili haukuzoea kupigana na ugonjwa huo. Wazee humwonya msafiri juu ya jua kali la pwani. Lakini jua halileti malaria. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu.

Mbu huyo huuma usiku. Basi msafiri na achukue chandarua chenye dawa, akichomeke chini ya godoro pande zote. Kilichofungwa mzigoni hakimfai mtu, nasi tumewaona wengi wa namna hiyo.

Walakini hatari haiishi kwa kurudi nyumbani. Homa hutokea baada ya siku 7 au zaidi, pengine majuma kadhaa. Ikitokea, yafaa damu ipimwe siku ile ile, na daktari aambiwe mahali mgonjwa alipolala.

Mwanafunzi wetu mmoja alirudi kutoka pwani mzima, akaugua siku ya 12. Sisi walimu tukasema ni baridi tu, tukampa chai na blanketi. Siku ya tatu akaanza kuweweseka, ndipo tukampeleka hospitali. Alipona, ila kwa shida. Daktari alituuliza kwanza kijana huyu alikuwa wapi mwezi ule. Sote tulijua, wala hapana aliyekuwa amelifikiri.