Watu Niliowatunga

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimetakiwa niseme machache juu ya utunzi wa hadithi, na najua wapo wanaojiuliza: mtu wa mafaili na hadithi wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Shaaban Robert alianza kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha mwaka 1926, na kazi hiyo haikumzuia kutuachia Adili, Karama na Utubora. Mimi simo katika safu yake, lakini njia ilikwisha fyekwa.

Nilianza kutunga hapa hapa, katika bweni lile lililo karibu na jiko, nikiwa kidato cha pili. Kulikuwa na nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Ilipita mikono mingi hata kurasa za mwisho zikang'oka. Wenzangu wakanituma niutunge mwisho wake, na ujira wangu ukawa sehemu ya nyama yao ya Jumapili. Nikautunga. Katika mwisho wangu Bwana Msa alitupa kiko chake, akachomoa bastola, akaruka dirishani kama Willy Gamba wa Elvis Musiba. Bweni zima lilishangilia.

Mwalimu wetu wa Kiswahili akalikamata lile daftari. Nilitegemea viboko. Yeye alilisoma lote, akacheka, kisha akaniambia, "Mazungumzo unayaweza. Lakini Bwana Msa hapigi bastola, Bwana Msa hufikiri. Huyu ni mtu wa watu, umemwazima, ukamharibu. Wa kwako yuko wapi?"

Swali hilo nimetembea nalo karibu miaka thelathini.

Wa kwangu wa kwanza alikuwa Bi Tatu, muuza vitumbua. Nilikusudia atokee mara moja tu mlangoni pa ofisi, auze vitumbua vyake, aende zake. Akagoma kuondoka. Kila nilipomfungia mlango alirudi kudai deni, na katika kudai deni akayasema mambo ambayo hata mkuu wa wilaya wa hadithi ile hakuthubutu kuyasema. Nampenda Bi Tatu. Sioni haya kusema hivyo, ingawa ni mimi niliyemtunga. Mfinyanzi huujua mtungi wake hata ukiwa katikati ya mingine sokoni.

Wala sioni haya kutaja ninachokiweza. Tumefundishwa unyenyekevu, na ni jambo jema; lakini seremala asiyejua kifaa chake kipi kinakata ataharibu mbao za watu. Mimi nikijaribu kueleza mlima, huwa kichuguu. Bali watu wakizungumza, nasikia. Namsikia anayeomba akijifanya anauliza, na anayekataa akijifanya anafikiri. Sikio hilo limenolewa na miaka ya kukaa ofisini nikiwasikiliza wenye shida.

Na hapo ndipo lilipo jambo lililonileta.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alikuja ofisini mzee mmoja kufuatia mafao ya marehemu mwanawe. Hati yake moja ilikosa muhuri. Kuipeleka ikagongwe muhuri ilikuwa kazi ya dakika kumi, ghorofa ya juu. Mimi nikamwambia, "Njoo wiki ijayo," nikaiweka kwenye trei. Akajibu, "Haya, mwanangu." Akaja wiki ya pili, na ya tatu, na kila mara jibu langu lilikuwa lile lile, na lake lile lile. Wiki ya nne hakuja. Baada ya miezi kadhaa nikapata habari kwamba amefariki. Sikuwa nimevunja kanuni yoyote. Hakuna aliyeniuliza.

Kutokana na jambo hilo nilimtunga Mzee Kombo, tarishi wa ofisi, ambaye huzichukua barua zilizolala na kuzipandisha ngazi mwenyewe. Nilimpenda kuliko wote. Nilimpa kila nilichokosa mimi: huruma, wepesi, na ulimi wa kuwajibu wakubwa. Usiku niliokuwa nikiandika habari zake nililala vizuri.

Muswada ulipokwisha nilimpa mwenzangu mmoja tuliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, mimi juu yeye chini. Yumo humu ukumbini, na alikuwa mmoja wa walionilipa nyama kwa ule mwisho wa Bwana Msa. Baada ya wiki mbili aliurudisha, akasema, "Bi Tatu namfahamu, amewahi kunidai. Huyu Kombo simfahamu. Hakosei hata siku moja. Unaficha nini?"

Nilikasirika. Tulikaa mwezi mzima bila kupigiana simu. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa nimejificha nyuma ya koti la Kombo, nikaita huko kumpenda. Mzazi anayempenda mwanawe huyajua makosa yake. Anayeyafunika hujipenda mwenyewe. Utubora wa Shaaban Robert amebeba wema kuanzia jina lake, na yule mtunzi mkubwa aliweza kumsimamisha akasimama. Mimi sina kifua hicho.

Nikaketi kuandika upya. Safari hii barua ililazwa na Kombo mwenyewe, kwa uvivu tu, na mwenye barua akafa. Ngazi anazopanda katika sura zinazofuata anazipanda kama mtu anayelipa deni lisilolipika. Sura hiyo ilinishinda mara nyingi kabla ya kukamilika, na ndiyo niliyoiandika vizuri kuliko zote, kwa maana karibu yote ni maneno ya watu wawili: "Njoo wiki ijayo," na "Haya, mwanangu."

Nilimpelekea tena mwenzangu yule. Alisoma, akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Huyu mzee alikuwa nani?" Nikamweleza. Yeye alikuwa wa kwanza kuelezwa. Ninyi ni wa pili.

Wadogo zangu, mkitunga, tungeni watu wenu wenyewe, na muwapende. Jueni pia mnachokiweza, mkifanyie kazi bila kuomba radhi. Lakini msiwape watu wenu wema mlioukosa ili ninyi mpate usingizi. Wapeni kosa lenu, mwone watalifanyia nini.

Mimi Kombo amenifundisha. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi huangalia trei. Mara nyingi haina kitu. Ikiwa na kitu, napanda ngazi.