Kijana Fundi na Mtihani wa Jeshi
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Nunguni)



Leo tuzungumze juu ya vijana wetu wa gereji. Hapa Nunguni wapo wanaofungua injini ya pikapu na kuifunga tena bila kutazama kitabu. Jeshi la Ulinzi la Kenya linapotangaza nafasi, mara nyingi hutafuta pia mafundi wenye vyeti, siyo askari wa kawaida tu. Mbona basi fundi wetu anaachwa? Mkono wake unajua kazi, lakini mdomo haujazoea kuieleza, na cheti hana.

Kwanza, cheti. Mtihani wa ufundi wa Serikali husimamiwa na NITA, na una ngazi 3. Ngazi ya 3 ndiyo ya kuanzia, ngazi ya 1 ndiyo ya juu. Hata aliyejifunzia kazi kwenye jua kali anaweza kuufanya. Lakini tusidanganyane: cheti hicho peke yake huenda kisitoshe jeshini. Tangazo ndilo linalotaja umri, alama za KCSE na vyeti vinavyotakiwa. Lisomeni lote.

Pili, mazoezi. Kikundi kitenge jioni 2 kila wiki. Mmoja aulize, mwenzake ajibu kwa sauti. Kwa mfano:

1. Injini ya mapigo 4 hufanya nini? Huvuta, hubana, huwasha, hutoa moshi.

2. Petroli na dizeli zinatofautianaje? Petroli huwashwa na cheche ya plagi. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana.

3. Moshi unasema nini? Mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa buluu: oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto: huenda maji yanaingia ndani.

4. Breki ya mafuta ikikanyagwa inabonyea kama sponji, kuna nini? Yaelekea hewa imeingia kwenye mabomba.

5. Meno ya msumeno wa chuma yaelekee wapi? Mbele, kwa maana unakata ukisukuma.

6. Inchi 1 ni milimita ngapi? Ni 25.4.

Mwenye kujua haya kwa mikono atayashika upesi. Akikosea, arekebishwe bila kuchekwa. Na asiache kukimbia vilima vyetu vya Kilungu kila asubuhi, kwa kuwa mwili pia unapimwa.

Tatu, na hapa wazazi mtusikilize sana. Kuandikishwa jeshini ni bure. Anayekuja usiku akidai ana "mtu wake" huko juu, anataka ng'ombe wako tu, au kipande cha shamba. Kumekuwa na vijana waliofika kambi ya mafunzo ya Eldoret na barua bandia, wakaishia mikononi mwa polisi. Shamba limekwenda, kazi hakuna, na kijana ana kesi.

Pesa hizo za hongo, afadhali zilipie ada ya mtihani wa ufundi na seti ya spana. Jeshi likimchukua, tutashukuru. Lisipomchukua, cheti ni chake na spana ni zake, na magari ya Nunguni bado yanaharibika kila siku.

Basi, kabla hatujatawanyika, kila kikundi kitaje vijana wake mafundi, na nani atakayewasimamia.