Aliyepasuliwa Pafu Asifungiwe Jikoni



Hivi karibuni nilipanda daladala mjini Moshi kwenda Marangu kumjulia hali bibi mmoja, jamaa yetu. Nilimkuta jikoni, maharage yakichemka juu ya mafiga, kuni za mibuni zikifuka moshi hadi macho yakanitoka machozi. Kando yake, kwenye kigoda, alikaa mjukuu wake wa miaka minane. Nje, chini ya migomba, wenzake walikuwa wakicheza mpira wa matambara.

"Shikamoo bibi. Mbona huyu hachezi?"

"Marahaba mwanangu. Huyu alipasuliwa kifua akiwa mchanga, akaondolewa kipande cha pafu. Akikimbia atakata pumzi. Akae hapa nimwone."

Alisema kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayo yalikuwa yamepotea njia.

Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro katika pafu. Wengine sehemu ya pafu hujaa vifuko vya maji au hewa, wengine hewa huingia isitoke, ikabana pafu zima lililo jirani. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Daktari wa upasuaji huondoa sehemu mbovu, akaacha zilizo nzima.

Je, pumzi ya mtoto huyo itatosha? Mwenyezi Mungu ameliumba pafu la mtoto kwa namna yake. Vile vifuko vidogo vinavyopokea hewa, ambavyo mtu mzima anavyo mamilioni mia tatu au zaidi, vingi hufanyika baada ya kuzaliwa, hasa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Sehemu zilizobaki hutanuka na kukua, zikajaza pengo. Watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi huko ng'ambo, wengi wao pumzi yao ilikaribia au kufikia ya wenzao. Husoma, hukimbia, hucheza.

Lakini si wote. Aliyeondolewa sehemu kubwa, au ambaye pafu lililobaki halikukua vizuri tangu tumboni, huweza kubaki nyuma. Wengine kifua hulia kama cha mwenye pumu. Wengine mbavu au uti wa mgongo hupinda kadiri wanavyorefuka. Haya hayaonekani siku ya kutoa nyuzi. Huonekana baada ya miaka.

Hapo ndipo tunapokosea. Kidonda kikipona, hatuonekani tena hospitali. Nauli ni taabu, shamba linangoja. Kumbe mtoto akifika miaka mitano au sita anaweza kupuliza kile kipimo cha pumzi, spairomita, daktari akajua anakwendaje. Kaskazini hii tunayo hospitali ya rufaa ya KCMC tangu mwaka 1971. Mzazi usiondoke wodini bila kuuliza: turudi lini, na acheze michezo gani?

Na moshi, ndugu zangu! Wa kuni au wa sigara, huumiza hata pafu zima, sembuse lililopunguzwa. Mtoto yule alikatazwa mpira, ambao daktari angeweza kumruhusu, akakalishwa penye moshi, ambao hakuna daktari angeuruhusu.

Nilimweleza bibi hayo yote, nikamwomba mtoto arudishwe kupimwa. Hakunijibu. Lakini nilipokuwa naaga, alikichukua kile kigoda, akakiweka nje ya mlango.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.