Kabla Hujanunua Deki Kuukuu ya CD

Msikilizaji wa Iringo, Bunda na Butiama, ukikuta deki ya CD ya mtumba, igeuze kwanza, usome kibandiko cha umeme. Volti 100 ni ya soko la Japani. Ukiichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma, utaiunguza.

Ijaribu kwa CD iliyochomwa kwenye kompyuta. Hiyo huakisi mwanga hafifu, ndiyo inayoumbua lenzi iliyochoka. Piga mpaka wimbo wa mwisho, maana CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni.

Trei ikigoma kutoka, usiitupe deki: mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea, kazi ndogo kwa fundi redio. Lenzi ipanguse taratibu kwa pamba ya masikio yenye alkoholi ya isopropili, deki ikiwa imechomolewa. CD za kusafishia zenye brashi, mimi sizipendi.